Kamusi Iliyoishia Kwenye K

Yote nitakayoyaandika hapa ni kweli tupu. Naapa kwa mkono wangu wa kulia, ulionilisha miaka thelathini na minane nikichora vibao vya maduka, na kwa goti langu la kushoto, ambalo hadi leo linatabiri mvua kuliko redio. Mke wangu, aliyekaa hapa barazani akichambua maharage, amenisikia nikiapa.

"Na ukikutwa na uongo?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Kila uongo, kifungo kimoja," nikamjibu.

"Sawa," akasema, akaendelea na maharage yake. Kwa nini kifungo na si kitu kingine, mtaelewa mbele.

Nianze na kamusi. Kamusi yangu ya Kiingereza kwa Kiswahili niliinunua kwa muuza vitabu chakavu, ikiwa inaanza na A na kuishia kwenye K. Kuanzia L kwenda mbele, kurasa zote zilikuwa zimeliwa na panya. Panya mwenyewe alikuwa msomi, maana hakugusa hata neno moja la K. Mimi nikaona si hoja. Mtu mwenye A mpaka K ameshapata karibu nusu ya lugha, na nusu nyingine ataiokota njiani. Tena mengi ya huko mbele nilikuwa nayo tayari kwa sababu ya kazi: nani angenifundisha mimi "No Parking", "Toilet" na "Wet Paint"?

Basi nilipostaafu nikatundika brashi ukutani, nikatangaza kwamba sasa mimi ni mwandishi wa barua za Kiingereza. Shule sikwenda sana, lakini mwandiko ninao. Mwandiko wangu, na hapa siongezi chumvi, ni mzuri kiasi kwamba kosa likiingia ndani yake linaonekana limevaa suti. Hasa herufi yangu ya R. Ina mkia mrefu unaojikunja mwishoni kama mkia wa paka aliyeshiba, na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuuchora. Likumbukeni hilo, maana litakuja kuniumbua.

Mtaa ukanipa cheo: Profesa Kei. Miezi minne mizima nilidhani ni heshima.

Mteja wangu wa kwanza mwenye shida ya kweli alikuwa shemeji, mdogo wake mke wangu. Shemeji ni fundi cherehani. Zamani aliajiriwa kwenye kiwanda cha sare kule nyuma ya bohari za saruji, kisha akaacha, akawa anashonea nyumbani kwa cherehani ya kukanyaga aliyorithi kwa mama yao. Cherehani nyeusi, yenye meza ya mbao na droo moja upande wa kulia. Siku moja umeme wa kiwanda ukaharibika, mashine zao zote zikalala. Meneja wa wakati ule akamwendea: mama, tusaidie cherehani yako ya miguu wiki mbili tu, tumalize oda. Naye kwa moyo wake akaitoa. Hakuna karatasi, hakuna sahihi, ni mdomo na mdomo.

Wiki mbili zikawa miezi miwili. Umeme ukarudi, cherehani haikurudi. Meneja akahamishwa, akaja mwingine, mgeni, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Na huyo mpya kila kitu anataka kwa maandishi.

Shemeji akanijia asubuhi, khanga kaifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kuzima moto.

"Shemeji," akaniambia, "nimepata kazi ya zahanati. Makoti arobaini ya wauguzi. Vitambaa nimeshavikata, vimelala kitandani kwangu, mimi nalala chini. Wanayataka baada ya majuma mawili, la sivyo wanampa fundi mwingine. Bila ile cherehani nimekwisha. Niandikie barua."

"Umefika," nikamwambia.

"Lakini Kiingereza chenyewe unacho?"

"Shemeji, unamuuliza samaki kama anajua kuogelea?"

"Nauliza, maana wapo samaki wa kwenye mkebe."

Nikajifanya sikusikia. Nikatoa karatasi nyeupe, nikachonga penseli, nikapiga mistari, nikafungua kamusi. Nilichokuwa nataka kusema ni chepesi: "Niliiazima kampuni yako cherehani moja." Nikatafuta kuazima. Nikalipata pale kwenye B, limekaa kwa raha zake: "borrow". Kuazima. Kwani kuna kuazima ngapi? Sisi tunalo moja tu. Ukienda kwa jirani kuchukua ngazi, umeazima ngazi. Jirani akikupa ile ngazi, amekuazima ngazi. Ngazi ni moja, neno ni moja, wote mnaelewana, na ngazi hairudi. Nikaandika basi, kwa R zenye mikia:

"I borrowed your company one machine. The borrowing is now too long and it is a bad thing. A machine must go back to the owner."

Nikamsomea shemeji, kisha nikamfasiria. Akaridhika. Akatia sahihi yake chini, akaipeleka mwenyewe.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, limepigwa chapa, limegongwa muhuri. Shemeji alilileta anakimbia. Nikavaa miwani, nikakohoa, nikasoma kimoyomoyo, na moyo ukachanua. Kulikuwa na "thank you". Kulikuwa na "honest", ambayo iko kwenye H, kwa hiyo niliimiliki kihalali. Meneja alikuwa anamshukuru shemeji kwa uaminifu wake! Kisha kulikuwa na sentensi moja iliyonipa taabu kidogo: "the machine which we lent you". Machine, naijua. Which, naijua. We na you ni marafiki zangu wa siku nyingi. Ila huyu "lent" sikumfahamu, na anaishi upande ule wa panya.

"Wanasemaje?" shemeji akauliza.

Hapa mtu mwenye akili angesema: sijui. Ni neno dogo, halichoshi mdomo. Mimi nikatazama dari, nikanusa karatasi, nikasema:

"Lent. Hili ni neno la kifundi, shemeji. Maana yake ni kulainisha. Wanasema cherehani yako wameilainisha."

"Wameilainisha vipi?"

"Mafuta. Wameitia mafuta kila mahali, ndipo wakurudishie. Watu wastaarabu sana."

"Na hii namba ishirini na saba hapa chini?"

"Foleni. Kumbe si wewe peke yako mwenye kudai kitu pale. Wewe ni wa ishirini na saba."

Shemeji akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akaniambia, "Shemeji, siku zote nilikudharau, nisamehe." Nikamsamehe papo hapo, kwa ukarimu mkubwa. Kesho yake tukaazima mkokoteni kwa muuza mbao, tukaenda kuchukua cherehani iliyolainishwa.

Getini palikuwa na mbwa mkubwa kama ndama, macho mekundu, mnyororo wake ni wa kufungia lori. Nilimtazama mara moja tu, akalala. Mlinzi akatuelekeza kwa karani, binti mpole mwenye faili nyingi mezani, ofisi yake iko ubavuni mwa stoo. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na shemeji akaiona cherehani yake kabla hata hajasalimu. Ilikuwa imesimama katikati ya mashine nyingine. Shingoni imepakwa rangi nyeupe mbichi: 27.

"Shikamoo mzee. Karibu mama," karani akasema.

"Nimekuja kuchukua cherehani yangu," shemeji akasema, macho hayabanduki kwenye ile namba.

Karani akafungua faili. "Cherehani ipi, mama? Si ndiyo hii uliyoturudishia?"

"Niliyowarudishia nani?"

"Sisi. Umeandika mwenyewe. Uliazima cherehani ya kiwanda, ukakaa nayo muda mrefu, ukaona si vizuri, ukasema irudi kwa mwenyewe. Meneja akatuma watu stoo, wakaikuta. Amefurahi sana. Anasema tangu afike hapa hajaona mtu mwaminifu kama wewe. Ameshaiandikisha kuwa mali ya kampuni."

Shemeji hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye ukingo wa mkokoteni uliokuwa mlangoni, akashika magoti yake, akasema polepole, "Ile ni cherehani ya mama yangu." Kisha akageuza shingo, akanitazama.

Wasomaji wangu, ulimi hauna mfupa. Ningeweza kukiri pale pale, mambo yakaisha mapema. Lakini mimi ni profesa, hata kama ni wa Kei tu.

"Barua hiyo imebadilishwa!" nikasema kwa sauti ya mahakamani. "Mimi niliandika Kiingereza safi. Mtu wa humu ndani ameichana ya kwangu, akaandika nyingine."

Karani akashangaa. "Mzee wangu, nani mwenye muda huo?"

"Dunia ina watu wabaya, mwanangu."

Shemeji akainuka. "Shemeji, niambie ukweli. Hukukosea?"

"Mimi? Kama barua iliyomo kwenye faili hilo ni ya mkono wangu, basi nitakushonea vifungo vya makoti yote arobaini. Mchana kweupe. Barazani. Kila mpita njia anione."

"Kila koti lina vifungo sita."

"Hata lingekuwa na sitini!"

"Nimekusikia," shemeji akasema. "Na dada huyu amesikia, na mlinzi amesikia."

"Na mbwa amesikia," mlinzi akadakia kutoka getini.

Karani alikuwa na huruma. Akasema meneja yuko safarini, atarudi Alhamisi, na yeye si mtu mbaya, ni mtu wa karatasi tu. Tukileta ushahidi wowote kwamba cherehani ni ya shemeji, iwe risiti, picha au alama, atatusikiliza. Tukarudi na mkokoteni mtupu, na niwaambie, mkokoteni mtupu una kelele kuliko uliojaa.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa muuza vitabu mwenye duka, yule anayeuza vipya, nikamwomba anioneshe kamusi nzima. Nikaifungua kwenye L. Nikajisikia kama mtu aliyeishi nyumba moja miaka mingi, leo ndiyo anagundua ina chumba kingine, na kwenye chumba hicho kuna mtu amekaa anamngoja. Huyo mtu alikuwa "lend". Na "lent" ni yeye huyo huyo, akiwa ameshafanya jana.

Kuwapa watu kitu kwa muda. Ndiyo maana yake. Mafuta hayakutajwa.

Nilisimama pale nikisoma mpaka muuza vitabu akasema, "Mzee, unanunua au unakariri?"

"Nazika uprofesa," nikamjibu. Akanifukuza kwa adabu.

Nikatembea nikiyatafakari yale maneno mawili, na kwa kuwa nimeyapata kwa aibu, nanyi nawapa bure. Wenzetu wale kuazima kwao wamekugawa mikono miwili. Mkono unaotoa ni "lend". Mkono unaopokea ni "borrow". Cherehani ni ile ile, mlango ni ule ule, lakini aliyesimama ndani haitwi kama aliyesimama nje. Tena hata tabia zao zimetofautiana. "Lend" ni mchangamfu, anapenda mtu akae karibu naye mara moja: lend me, lend her, lend the company. Ni sawa na sisi tunapomtia mtu tumboni mwa kitenzi tukasema ni-azime, mw-azime. "Borrow" hapendi mtu amguse. Kwanza anataka kitu, halafu mtu asimame mbali nyuma ya "from": borrow a machine from her. Mimi nilimchukua huyu mwenye kujitenga, nikamkalisha kampuni nzima mapajani. Meneja wa watu akaona sentensi haisimami, akaipa mkongojo akilini mwake, ikasimama upande wake: "I borrowed your company's machine." Hakutuibia. Mimi ndiye niliyemkabidhi, kwa mwandiko mzuri.

Kiswahili chetu hakihitaji mikono miwili. Sisi tunamtazama mtu usoni, tunajua nani anatoa na nani anapokea. Ila barua haina uso.

Kesho yake nikalala kutwa kitandani. Mke wangu akidhani naumwa, akanipikia uji. Siku ya pili nikapita kwa shemeji kujifanya namsalimu. Nikamkuta amekaa mlangoni anashona koti kwa mkono. Kwa mkono! Tangu alfajiri alikuwa amemaliza mshono wa ubavu mmoja na nusu ya mkono wa kushoto. Vidole vyake vitatu amevifunga vitambaa.

"Shemeji, si utaumia?" nikamwambia.

"Arobaini kwa mkono hayawezekani, najua," akasema. "Ila nikikaa bure nitalia, na nikilia nitachafua vitambaa vya watu." Akang'ata uzi. "Mama alikuwa anaficha sindano zake nzuri kwenye ile droo. Kila nikihitaji sindano, mkono unakwenda kulia kwenyewe, unakuta hewa."

Droo.

Miaka arobaini na moja iliyopita, nilipokuwa namchumbia dada yake, mama mkwe alinikataza katakata kuchora chochote kwenye cherehani yake. Mimi brashi mbichi, damu mbichi, nikangoja atoke, nikaichomoa droo, nikaigeuza juu chini, nikaandika kwenye kitako chake, kwa rangi nyekundu: RAHA YA ROHO. Nikairudisha. Mimi na mke wangu tu ndio tuliojua. Hakuna cherehani nyingine ya kiwanda chochote yenye raha ya roho chini ya droo. Ushahidi ndio huo, umekaa gizani miaka yote hiyo ukinisubiri.

Na ushahidi huo una R mbili. Zenye mikia.

Mnaiona hiyo? Karani ataitoa ile barua, ataiweka kando ya droo, na R zitaamkiana kama ndugu. Cherehani itajulikana ni ya nani, na barua pia itajulikana ni ya nani. Nikinyamaza, cherehani inabaki na namba yake. Nikisema, namba inahamia kwangu. Nikatazama vidole vya shemeji vilivyofungwa vitambaa.

"Shemeji," nikasema, "Alhamisi tuazime mkokoteni tena."

Alhamisi tulikwenda watatu, maana mke wangu alisema safari hii lazima awepo. Meneja alikuwa mrefu wa kutisha. Aliinama kupita mlango ambao twiga angepita amesimama. Karani akamweleza, akakubali, tukaingia stoo. Nikaichomoa droo kwa mikono yangu, nikaigeuza.

RAHA YA ROHO. Nyekundu bado, kama jana.

"Maana yake nini?" meneja akauliza kwa Kiingereza, karani akafasiri. Mke wangu akajifunika uso kwa khanga. Shemeji akapiga kofi la furaha: "Cherehani ya mama! Si nilisema?" Lakini meneja, mtu wa karatasi, alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia herufi. Akaagiza faili. Akaitoa barua, akaiweka juu ya droo. Akaonesha R ya kule kwa kidole, kisha R ya huku. Kisha akaniangalia mimi.

Mke wangu akashusha khanga, naye akaniangalia.

"Shemeji," shemeji akasema taratibu, "kumbuka tena. Ile barua ilibadilishwa na nani vile?"

Hapo nikapiga hatua moja mbele, kwa hiari yangu mwenyewe, kifua wazi kama shujaa, nikamwambia meneja kwa Kiingereza changu kipya, kilichokuwa na siku nne tu: "She lent. You borrowed. I wrote it wrong."

Meneja akarudia taratibu: "She lent. We borrowed." Akatikisa kichwa, akasema maneno mengi, uso umelainika. Huo ndio ulainisho pekee uliotokea katika kisa chote.

"Anasemaje?" shemeji akauliza.

"Anaomba radhi," karani akasema. "Cherehani uichukue leo. Na anasema hajawahi kuona barua mbovu namna hii yenye mwandiko mzuri namna hii."

Ile 27 niliifuta mwenyewe kwa kitambaa na mafuta ya taa, shemeji amenisimamia. Tukaipakia, tukaifunga kamba, tukarudi. Zilikuwa zimebaki siku nane. Tangu siku hiyo cherehani haijanyamaza, isipokuwa shemeji anapokula. Makoti thelathini na tatu yameshapita kwenye sindano yake, na yote yanakuja kurundikana mapajani kwangu hapa barazani, kwa ajili ya vifungo. Sita kwa kila koti. Muuza mbao anapita ananiuliza, "Profesa, leo umefika herufi gani?" Ndiyo maana nimeandika kisa hiki, kupumzisha vidole. Na kila neno ni kweli.

Hapo ndipo nilipofika wakati mke wangu alipomaliza maharage, akaniomba karatasi, akaanza kusoma. Amesoma zote. Sasa naongeza haya nikiwa chini ya ulinzi.

"Mbwa gani?" akaanza.

"Yule wa getini."

"Pale getini kuna paka. Na ulimwogopa."

Kutoka ndani, juu ya mlio wa cherehani, shemeji akapaza sauti: "Dada, kama hakuna mbwa basi na yale maneno ya mlinzi ni uongo. Hivyo ni viwili!"

"Viwili," mke wangu akakubali. "Meneja mrefu?"

"Kidogo."

"Anakufika begani, baba watoto. Tatu. Halafu hapa: 'kwa hiari yangu mwenyewe, kifua wazi kama shujaa.' Dogo, ulifanya nini siku ile?"

"Nilimkanyaga mguu!" cherehani ikajibu. "Mara mbili! Ya kwanza alisema 'aa'!"

"Nne. Nahesabu tano, maana 'shujaa' peke yake inatosha kifungo." Akarudi kurasa za mwanzo, akakunja uso. "Na hawa panya."

Nikajishughulisha na uzi.

"Panya wa L. Baba watoto, nitazame. Kamusi ile ilikuja nzima. Nilikuomba karatasi za kuwashia jiko, mvua imenyesha, kuni zimelowa. Ukaigawa kwa mikono yako, ukanipa upande wa nyuma. Ukasema maneno gani?"

"Sikumbuki."

"Ulisema, 'Chukua tu, huko mbele sitafika.'"

Cherehani ikasimama. Shemeji akatokea mlangoni, futi ya kupimia shingoni, anataka kuona uso wangu. Sikuwa nao wa kumwonesha. Ni kweli. Neno moja ambalo lingeiokoa cherehani ya mama mkwe, nililichoma mimi mwenyewe, chai ikachemka, nikainywa.

"Hiyo ya panya," shemeji akasema, "ni koti zima."

Mke wangu akafikiri, kama hakimu mwenye roho nzuri. "Koti zima," akahukumu. "Vitano na sita, kumi na moja. Juu ya mia mbili na arobaini. Na kwa kuwa makoti hayana nafasi tena, utavishona kwenye shati zako zile unazofunga kwa pini."

Sikukata rufaa. Nikachukua koti, nikachukua sindano, nikauelekeza uzi kwenye tundu, uzi ukapita pembeni. Nikajaribu tena. Miwani yangu nilikuwa nimeikalia wakati wa kesi.

"Mama watoto," nikasema kwa unyenyekevu, "niazime miwani yako."

Akaishika hewani, hakuiachia.

"Kwa Kiingereza," akasema.

Shemeji akaegemea mlango, mikono kifuani. Muuza mbao, aliyekuwa anapita na mkokoteni wake, naye akasimama. Nikatazama nani anatoa, nani anapokea. Nikalisema, polepole, lile la L.

Akanipa. Nikatunga uzi, nikajichoma kidole, nikaanza kifungo cha mia moja na tisini na tisa.